Uzi wa Jazzmaster, Jaguar na Mustang: nyuzi zikiruka usikimbilie kung'oa briji

Gita la Kati

Wakuu, habari za jioni. Huu ni uzi wa nyuzi, asiyepiga gita apite tu kwa amani.

Mwaka juzi nilinunua Jazzmaster. Si Fender ya Marekani, msinifikirie vibaya. Ni Squier Classic Vibe, chapa ya bei nafuu ya Fender hao hao, mkono wa pili, ya jamaa aliyekuwa anahama nchi. Nilimpa laki sita na nusu, na begi lake juu. Wanaoyajua magita haya wanalijua umbo: kiuno hakikukatwa sawa kwa sawa, upande mmoja umesogea mbele na mwingine umerudi nyuma, kama mtu aliyeegemea mlango anasubiri chenji. Wenzetu wanayaita ofuseti. Jazzmaster, Jaguar, Mustang na jamaa zao.

Jumapili ya kwanza nikaenda nalo kanisani. Nyimbo za taratibu zilikwenda vizuri, nikaanza kujisikia. Tukaingia sebene. Nikauvuta uzi wa kwanza kidogo tu, ta! Ukatoka kwenye kijia chake juu ya briji, kile chuma kinachobeba nyuzi mwilini, ukaenda kukaa jirani na uzi wa pili. Nikaurudisha kwa kidole. Ukatoka tena. Mpiga kinanda ananiangalia kama vile nimepitia mahali kabla ya ibada. Nikamaliza siku napiga kodi za chini, ridhimu wa pili ambaye hakuna aliyemwalika.

Kesho yake nikalipeleka kwa fundi, simtaji. Akaniambia gita hili "lilikosewa kiwandani" na dawa yake ni kutoboa mwili kuweka briji ya aina ya Gibson. Kwa kuanzia akanifungia nyuzi za 9 (uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.009) "ili ziwe laini", nikamlipa elfu thelathini. Zile za 9 zikaruka kuliko hata za mwanzo.

Nikaamua kujifunza mwenyewe. Nilichokipata ni kwamba gita halikukosewa popote. Lilitengenezwa kwa nyuzi nene, sisi tunalifunga nyuzi nyembamba halafu tunalilaumu.

Jazzmaster ilitoka mwaka 1958. Leo Fender aliwalenga wapiga jazi, watu wanaopiga wamekaa, ndiyo sababu ya kile kiuno: gita litulie pajani. Na wapiga jazi wa wakati ule walifunga nyuzi nene zilizozungushiwa waya bapa, laini juu, zenye mvuto mkubwa. Wapiga jazi wenyewe hawakulitaka, wakabaki na magita yao yenye matumbo matupu. Waliolichukua ni vijana wa ufukweni California, wale wa muziki wa surf. Nyuzi zikaendelea kupungua unene miaka na miaka, briji ikabaki ile ile.

Sasa chukua gita lako, litazame kwa ubavu. Kwenye Stratocaster uzi ukishavuka briji unazama mwilini hapo hapo. Kwenye Jazzmaster unavuka briji kisha unasafiri mwendo mrefu hadi kwenye sahani ya tremolo, yenye ule mkono wa kuyumbisha sauti, karibu mlalo kabisa. Hakuna kinachoukandamiza uzi chini. Ukiupiga kwa nguvu unaruka, na hata usiporuka briji inanguruma kama sufuria lenye kifuniko kisichokaa.

Nilichofanya mimi, bila kutoboa kitu:

Nyuzi kwanza. Nilifunga seti ya 11. Vidole vililalamika wiki moja vikazoea. Ukitoka 9 kwenda 11, tazama shingo baada ya siku mbili tatu maana mvuto umeongezeka na inaweza kupinda mbele; utakaza chuma cha ndani ya shingo robo ya mzunguko, si zaidi kwa siku moja. Na vijia vya kule kichwani vinaweza kuwa vyembamba kwa uzi mpya. Ukisikia "tik" unapotyuni, uzi umekwama pale. Sugulia risasi ya penseli kwenye kijia. Ikishindikana, ndipo upeleke kikachongwe.

Pili kabari, na hapa ndipo penye siri. Unalegeza nyuzi, unafungua skrubu nne za nyuma, shingo inatoka. Kwenye ule mfuko wa shingo unaweka kipande chembamba upande wa ndani, ule ulio karibu na pikapu (zile sumaku zenye koili zinazonasa sauti). Mimi nilikata kadi ya benki iliyoisha muda, ukanda wa upana wa sentimita moja hivi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kote duniani ni huo huo, kwa hiyo huhitaji kupima. Shingo ikirudi inakuwa imelala nyuma kidogo sana, macho hayaoni, nusu digrii na ushee. Lakini nyuzi zote zinakuwa zimeshuka zinagusa freti, na sasa unalazimika kupandisha briji. Yangu ilipanda karibu milimita 3. Hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta: briji ikipanda, uzi unakata kona kali zaidi kuelekea tremolo, unakandamizwa, unatulia. Na msione kabari kama ni uchakachuaji, Fender wenyewe walikuwa wanaziweka kiwandani.

Tatu, zile skrubu ndogo zisizo na kichwa zinazoshikilia vikalio vya nyuzi. Zinalegea zenyewe kwa mtikisiko. Ukishapata kimo unachotaka, tia tone la rangi ya kucha kwenye kila moja. Nilimwomba mke wangu, akanipa ile nyekundu aliyokuwa haitaki tena. Briji yangu sasa ina madoa mekundu kumi na mawili.

Nimepiga harusi nne tangu hapo. Uzi haujaruka. Karibuni wenye uzoefu.

Sebene Nonstop

Mkuu nimesoma yote na nimekuelewa, ila swali langu ni la kijinga: kwa nini usiuze ununue Strat ukalala usingizi? Kadi ya benki, rangi ya kucha, penseli. Hili ni gita au mradi wa sayansi wa darasa la sita?

Gita la Kati

Hahaha. Kwa sababu ya sauti, mkuu. Pikapu za Jazzmaster zina koili pana na bapa, kama chapati, si nyembamba na ndefu kwenda juu kama za Strat. Nyuzi nyembamba zinatoka na mwili, si ule ukali wa sindano. Nikipiga solo juu kule freti ya 12 hadi 15, gita la kati na besi wakiwa wamejaa, nasikika bila kuongeza sauti. Sikuipata hiyo kwenye Strat yoyote niliyoazima.

Na ni zuri pia. Tusidanganyane.

Pwani Twang

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nina Jaguar, Mola anisitiri. Ilitoka 1962, Fender waliipandisha juu ya Jazzmaster kwa bei na kwa mapambo, wakafupisha urefu wa uzi kutoka inchi 25 na nusu hadi 24, freti 22 badala ya 21. Kwa mkono wangu mdogo ni raha, kodi za kunyoosha vidole zinafikika. Lakini ndugu yangu, uzi mfupi maana yake mvuto mdogo kwa unene ule ule. Hiyo 11 yako kwenye Jazzmaster, kwangu inalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Mimi nafunga 12, na tangu nifunge 12 sijaona uzi ukitoka.

Sasa niwape kisa. Nilimwazima kijana mmoja Jaguar siku ya Ijumaa. Jumapili usiku ananipigia simu, sauti imekauka: "Bro, gitaa lako limekufa. Halitoi sauti. Wallahi sijaliangusha." Nikamwambia lete. Akaja nalo amelibeba kama mtoto mgonjwa.

Wanaolijua Jaguar wameshacheka. Kule chini upande wa nyuzi nyembamba kuna sahani ya chuma yenye swichi tatu za kusogeza. Moja inawasha pikapu ya shingo, moja ya briji, ya tatu inakata besi sauti ibaki nyembamba. Ukizima zile mbili za kwanza zote, gita liko kimya kabisa, kama ulivyoagiza. Kisha kule juu, karibu na pembe, kuna swichi nyingine na magurudumu mawili madogo ya kuzungusha kwa kidole. Hiyo inahamisha kila kitu kwenye saketi ya pili, pikapu ya shingo peke yake, na hayo magurudumu ndiyo sauti na toni yake. Yakiwa yamezungushwa hadi sifuri, kimya tena. Kijana wangu alikuwa kwenye saketi ya juu, gurudumu kwenye sifuri. Nikalisogeza kwa kidole gumba, gita likalia. Alinitazama kama mganga.

Kwa hiyo kabla hujafungua kitu, swichi. Swichi, swichi, swichi.

Na nyie wa pwani: chumvi inakula zile skrubu ndogo za briji vibaya sana. Zangu mbili zilishikana kutu hadi funguo ikazunguka tupu. Kila nikibadili nyuzi nachovya pamba kwenye mafuta ya cherehani napitisha pale. Ukitia rangi ya kucha kama alivyosema mleta uzi, safisha kutu kwanza, la sivyo umeifungia ndani.

Mgeni wa Solo

Nimejaribu kabari leo mchana. Gita limekuwa baya kuliko mwanzo, briji imeshuka hadi chini kabisa na nyuzi bado ziko juu. Nimekosea wapi? Nimetumia kadi ya benki kama ulivyosema.

Gita la Kati

Umeiweka upande upi wa mfuko?

Mgeni wa Solo

Upande wa nje, kule shingo inakoanzia kuelekea kichwani.

Gita la Kati

Ndipo hapo. Umeinamisha shingo mbele badala ya nyuma. Itoe uihamishe upande wa ndani, karibu na pikapu. Chukua rula ujaribu mezani: inua mwisho wake mmoja kwa kiberiti uone upande wa pili unakoelekea. Mwisho wa ndani wa shingo ukiinuka, kichwa kinarudi nyuma. Na usikaze skrubu hadi zilie, mbao ya mfuko ni laini.

Mgeni wa Solo

Imekubali!! Mkuu Mungu akubariki. Briji sasa imepanda hadi naona nguzo zake.

Fundi Redio Mstaafu

Vijana, mimi si mpiga gita, ila nimeyafungua mengi kwa sababu mnaniletea. Niseme ya umeme.

Watu wananiambia "gita linalia kali mno, badilisha pikapu". Nikifungua nakuta poti, zile za kuzungushia sauti na toni, ni za mega 1, yaani ohm milioni moja. Kwenye Strat ni kilo 250. Poti kubwa haivujishi sauti nyembamba kwenda ardhini, kwa hiyo inabaki yote, hata usiyoitaka. Kabla hujanunua pikapu, rudisha toni nyuma kidogo, kutoka 10 hadi 7. Poti ya toni imewekwa izungushwe, haikuwekwa kama pambo. Kama bado hutaki, niletee poti ya kilo 500 tufunge, kazi ya nusu saa na bei ya soda mbili. Ukilichukia kesho tunarudisha ya zamani, hakuna kilichotobolewa.

Ile saketi ya juu aliyoieleza wa Mombasa ina poti ya toni ya kilo 50 tu. Ndiyo sababu ina giza, sauti kama iko chumba cha pili. Wengi wanaichukia wanaomba niikate. Mimi nawaambia iacheni. Ipo siku besi hajafika.

Kuhusu mvumo: pikapu hizi ni za koili moja, zitavuma karibu na taa za tyubu na transfoma. Lakini Jazzmaster ya kawaida zimezungushwa kinyume moja kwa nyingine, ukiweka swichi katikati zote zikafanya kazi pamoja, mvumo unauana. Jaribu. Ukisikia mvumo unapungua unapogusa nyuzi, waya wa ardhi wa gita uko sawa. Mvumo unaobaki unaweza kuwa unatoka kwenye umeme wa ukumbi, au amplifaya. Ukisikia unaongezeka unapogusa, au ukapigwa shoti ya mdomo kwenye maiki, zima kila kitu uondoke jukwaani. Sitanii. Kumbi zetu nyingi soketi ina tundu la ethi lakini nyuma yake hakuna waya. Nimefungua nikaona ukuta tu.

Sebene Nonstop

Mzee "ipo siku besi hajafika" nimeiweka kwenye daftari.

Bi Mustang

Nawasalimu. Niko Minnesota, napiga Mustang. Ilianza 1964 kama gita la wanafunzi, na hadi leo watu wananiuliza "hilo la mtoto wako?"

Nataka kuongezea kwenye habari ya briji, maana najua mtu atauliza. Wanaochoshwa na briji ya Jazzmaster wana njia tatu hivi. Rahisi kuliko zote ni kufunga briji ya Mustang. Nguzo zake zinaingia kwenye yale yale matundu ya Jazzmaster na Jaguar bila kutoboa. Kila kikalio kina kijia kimoja kirefu badala ya vijia vingi vifupi kama nyuzi za skrubu, uzi ukikaa umekaa. Hasara yake: kimo cha kila kikalio kimeshapangwa kufuata mviringo wa shingo, huwezi kupandisha uzi mmoja peke yake.

Pili kuna Mastery. Inatengenezwa huku huku Minnesota. Ina vikalio viwili tu, kila kimoja kinabeba nyuzi tatu, haingurumi na hailegei. Nimeipiga kwenye gita la rafiki, sina la kusema. Ila bei ya briji peke yake inapita nusu ya alichonunulia gita mleta uzi, na hapo hujaisafirisha wala hujakutana na watu wa ushuru. Waingereza nao wana ya kwao, Staytrem, inafuata mtindo wa Mustang.

Tatu ni ile ya aina ya Gibson ambayo fundi wako alitaka kutobolea. Zipo zinazoingia bila kutoboa. Lakini pima mviringo wa shingo kwanza! Shingo za zamani na nakala zake zina inchi 7 na robo, zimeviringana sana, na briji zile zimetengenezwa kwa shingo bapa zaidi. Matokeo yake nyuzi za katikati zinakuwa chini mno au za pembeni zinakuwa juu mno. Squier ya J Mascis, mpiga gita wa Dinosaur Jr., iliyotoka 2011 ilikuja na briji hiyo kutoka kiwandani, lakini na shingo yake ni ya 9 na nusu, kwa hiyo wanaelewana.

Mimi mwenyewe nilinunua briji ghali kabla ya kubadili nyuzi. Nilipokuja kufunga 11 na kabari kwenye gita la pili, lile la briji ya kiwandani, nikakaa kimya dakika nzima. Hela zilikuwa zimeshaenda.

Gita la Kati

Bi Mustang, hiyo dakika ya kimya ndiyo niliyotaka watu waisome.

Kapelo Mweusi

Mie nataka kununua ya kwanza. Nimeona Squier Affinity Jazzmaster, bei imekaa vizuri. Hayo matatizo yote ya briji yananihusu?

Gita la Kati

Hapana, kwa sababu Affinity ni Jazzmaster kwa nguo tu. Tremolo yake ni ya mtindo wa Strat, nyuzi zinazama mwilini hapo hapo. Haina saketi ya juu. Nyuzi hazitaruka. Lakini ule mlio wa nyuma ya briji na ule mkono laini wa tremolo hutavipata. Ukitaka gita la kazi lenye umbo hili bila kusoma uzi mrefu kama huu, chukua. Ukitaka lenyewe, tafuta Classic Vibe na uwe na bisibisi.

Ukienda kulitazama, fanya hivi mbele ya muuzaji: piga uzi mmoja mmoja ukiwa wazi, kwa nguvu ya jukwaani si ya sebuleni. Kisha sogeza swichi zote. Kisha tazama kama zile skrubu ndogo za briji zipo zote. Langu lilikuwa na kumi na moja, nikajua baada ya mwezi.

Pwani Twang

Huo mlio wa nyuma ya briji anaousema, kwa asiyejua: kipande cha uzi kati ya briji na tremolo ni kirefu, kinalia chenyewe ukipiga kodi kubwa, kama kengele ya mbali. Sonic Youth, ile bendi ya roki ya Marekani, walikuwa wanapiga pale makusudi. Kwa taarab au chakacha mimi siutaki, unaingilia. Nafuma utepe wa kitambaa kati ya nyuzi pale nyuma, juu chini juu chini, umekwisha. Leso iliyochanika inafaa kuliko sifongo, haiozi kwa jasho. Jaguar za zamani zilikuwa hata na kibao chenye sifongo karibu na briji, unakibonyeza kinapanda kuzima nyuzi zote. Wengi walikiondoa wakakitupa.

Mgeni wa Solo

Wakuu nimerudi. Nyuzi zimetulia lakini nikitumia mkono wa tremolo gita linatoka kwenye tyuni. Nikiuacha mkono, iko sawa. Dawa?

Bi Mustang

Tatizo liko sehemu tatu, zifuate kwa utaratibu.

Nati ya kichwani kwanza, kile kibao chenye vijia vya nyuzi: penseli aliyoisema mleta uzi. Tyuni nyingi zinapotea pale, tremolo inasingiziwa.

Kisha briji. Briji ya gita hili imetengenezwa itikisike. Inasimama kwenye ncha mbili ndani ya matundu yake, na unapobonyeza mkono inainama na nyuzi halafu inarudi nazo. Watu wanaiona inacheza wanaikaza kwa kuizungushia karatasi ya foili. Ukifanya hivyo ni sawa tu, ila nyuzi sasa zitateleza juu ya vikalio, na vikalio viwe visafi. Kama unaiacha icheze, hakikisha ukishatyuni imesimama wima. Ikiwa imelalia upande, isukume kwa vidole irudi katikati, utyuni tena.

Mwisho ni spiringi. Kwenye sahani ya tremolo kuna skrubu moja kubwa katikati na, kwa baadhi ya magita, kitufe cha kusogeza. Kitufe hicho ni kufuli: uzi ukikatika jukwaani unafunga, nyuzi tano zilizobaki hazipandi. Lakini kinafanya kazi ikiwa spiringi imepangwa. Tyuni gita vizuri, kisha jaribu kusogeza kitufe kwenda kwenye briji. Kikigoma, zungusha skrubu ya katikati kidogo, tyuni upya, jaribu tena. Utafika mahali kitufe kinateleza bila ubishi na tyuni haibadiliki kikiingia. Hapo spiringi na nyuzi zinalingana nguvu. Inachosha, mara ya kwanza ilinichukua saa nzima na chai mbili.

Na mkono wenyewe ni wa kubembeleza. Kevin Shields wa My Bloody Valentine anaushika mkononi muda wote anaopiga kodi, sauti inayumba kama jahazi. Ukitaka kupiga mbizi za muziki wa metali, hili si gita lake.

Kapelo Mweusi

Lakini Kurt Cobain wa Nirvana si alikuwa anapiga Jaguar na anapiga kelele za kutosha?

Bi Mustang

Alipiga, ya mwaka 1965, lakini ilikuwa imeshafanyiwa kazi: pikapu za koili mbili zimetiwa mahali pa zile za asili. Na Mustang pia. Jiulize kwa nini vijana wasio na hela wa miaka ile walikuwa na magita haya. Fender waliacha kutengeneza Jaguar 1975 na Jazzmaster 1980 kwa sababu hayakuwa na wateja. Strat ya zamani ilikuwa na bei ya kutisha, Jazzmaster ya zamani imening'inia duka la rehani inasubiri mtu. J Mascis, Sonic Youth, wote walianzia hapo. Leo hizo hizo za miaka ya 1960 huwezi kuzishika kwa mshahara wa mwaka.

Fundi Redio Mstaafu

Biashara ndiyo hiyo. Mimi nilitupa redio za valvu lori zima mwaka 1994. Msiniulize.

Sebene Nonstop

Wakuu mimi nilikuja kucheka. Jana nimelishika Jazzmaster la jamaa mmoja Sinza, lina 11 na lina kabari. Nimepiga sebene dakika ishirini, uzi haukutoka. Nimerudi nyumbani nimelitazama Strat langu kama mtu aliyefumaniwa. Mleta uzi, hilo lako unauza?

Gita la Kati

Siuzi mkuu.

Ila nina taarifa. Jumapili iliyopita uzi wa pili ulianza kunguruma katikati ya ibada, "zzzz" kila nikiuacha wazi. Nikajua kabisa: skrubu ndogo imelegea. Na kweli, ile ya kikalio cha pili haikuwa na doa jekundu, nilipoibadili baadaye nikasahau kuitia rangi. Nikaigusa kwa ukucha ili niione vizuri, ikadondoka.

Zulia la kanisa letu ni la rangi ya kijivu. Skrubu ni ya kijivu, ina urefu wa punje ya mchele. Nimepiga nyimbo tatu zilizobaki huku wazee wawili wa kanisa na mtoto mmoja wakiwa wamepiga magoti mbele yangu wanapapasa zulia, na waumini wa nyuma wakadhani ni maombi, wakaanza kuja mbele.

Haijapatikana. Mwenye ya ziada aje inbox.

Pwani Twang

Ninazo nne, zina kutu kidogo. Nakutumia na basi la kesho asubuhi. Andika rangi ya kucha kwenye orodha ya matumizi ya nyumba.